Tani za Nani?

Machi 2021, meli ya makontena Ever Given ilipokwenda upande na kuukaba Mfereji wa Suez kwa siku sita, magazeti ya dunia yalishindwa kupatana juu ya jambo moja dogo. Mengine yalisema ni meli ya tani 200,000. Mengine yakasema 220,000. Mwandishi mpenda makubwa angeweza kuandika zaidi ya 260,000 na bado mhariri asingekuwa na la kumsahihisha. Nilizisoma habari zile nikacheka, kisha nikanyamaza, maana mimi mwenyewe nimeandika habari za bandari kwa miaka nikizinakili tani kama zilivyoletwa, bila kuuliza hata siku moja ni tani za nini.

Zile 200,000, kwa makadirio, ni uzito ambao Ever Given inaweza kubeba: shehena, mafuta ya injini, maji ya kunywa, chakula, mabaharia na masanduku yao ya nguo. Zile 260,000 na ushei ni uzito wa chombo chenyewe pamoja na hivyo vyote kikishajaa, sawasawa na uzito wa maji kinayoyasukuma ili kielee. Na 220,000? Huo si uzito wa kitu chochote. Ni kipimo cha nafasi, ukubwa wa tumbo la meli kuanzia ngama kwenda juu, kilichopitishwa kwenye fomula mpaka ikabaki tarakimu tupu isiyo na kizio. Ndiyo maana meli ya kuleta magari kutoka Japani, ile inayofanana na ghala la bati linaloelea, ina tani nyingi sana za nafasi na tani chache za uzito, na ile ya kubeba madini ni kinyume chake. Ukiziweka katika jedwali moja bila kusoma maandishi madogo ya chini, umelinganisha gunia la pamba na gunia la chumvi.

Chanzo cha mkanganyiko huu ni pipa la mvinyo. Katika karne za kati wafanyabiashara wa Uingereza walileta mvinyo kutoka Bordeaux katika mapipa makubwa, na chombo kilipimwa kwa idadi ya mapipa ambayo kingeweza kupakia. Jina la pipa ndilo lililozaa jina la tani. Mfalme akatoza kodi kwa pipa, bandari ikatoza ushuru kwa pipa, na kipimo cha meli kikawa cha mtoza ushuru muda mrefu kabla wanahisabati hawajakigusa. Mwaka 1773 Bunge la Uingereza likapitisha kanuni iliyopima urefu na upana tu. Kina hakikupimwa, kilidhaniwa kuwa nusu ya upana. Waundaji meli walielewa mara moja. Wakaanza kuunda vyombo vyembamba vyenye kina kirefu, vinavyobeba mzigo mwingi na kulipa ushuru kidogo, navyo vikawa vinayumba baharini kama mtu aliyejitwisha ndoo mbili kichwani. Ilipita zaidi ya miaka 80 kabla ya George Moorsom kuleta utaratibu wa kupima nafasi yote ya ndani, futi za ujazo 100 zikihesabiwa tani moja, na sheria ikaukubali mwaka 1854. Kipimo kimoja cha dunia nzima kilisubiri mkataba wa London wa 1969, nao ukaanza kutumika 1982.

Nazikumbuka mara kwa mara hizo meli mbovu za kanuni ya 1773. Safu moja katika daftari la ushuru ilitosha kubadili umbo la mbao baharini. Na tangu nilipozisoma, nikifungua kitabu chochote cha takwimu za meli, iwe orodha ya Lloyd's, mapitio ya Umoja wa Mataifa au kitabu cha mwaka cha taasisi ya uchumi wa uchukuzi iliyoko Bremen, Ujerumani, swali langu la kwanza ni moja: safu hii aliiomba nani?

Safu za mwanzo kabisa ziliombwa na watu wenye hofu. Mwishoni mwa karne ya 17, Edward Lloyd alikuwa na mkahawa wa kahawa jijini London, kwanza katika mtaa wa Tower, kisha Lombard. Manahodha walikuja pale kunywa, wenye shehena wakaja kuwatafuta manahodha, na matajiri wenye kukubali kubeba hatari za safari kwa malipo wakaja kuwatafuta wote wawili. Mkahawa ukazaa soko la bima. Soko likazaa gazeti la kutangaza meli zilizofika na zilizopotea, Lloyd's List, lililoanza 1734 na kuendelea kuchapwa kwenye karatasi hadi Desemba 2013. Kisha mwaka 1760 wateja wa mkahawa huo wakaunda chama cha kutatua kero iliyowanyima usingizi: ukiombwa kuikatia bima meli iliyoko Jamaika nawe umeketi London na kikombe mkononi, utajuaje kwamba haijaoza?

Jibu lao likawa kitabu, na toleo la kwanza lililosalia ni la 1764. Kila meli iliandikwa jina, nahodha, mwenye mali, mahali na mwaka ilipoundwa, idadi ya mizinga, na alama. Hali ya mwili wa meli ilipewa irabu: A, E, I, O, U. Naam, zilezile tulizoimbishwa darasa la kwanza tukifuata fimbo ya mwalimu ubaoni, ila huku A ilikuwa meli nzima na U ilikuwa karibu na kuni. Nanga, kamba na zana nyingine zilipewa herufi zake kuanzia nzuri hadi mbaya, na baadaye herufi hizo zikageuzwa namba. Hapo ndipo ilipotoka A1, alama iliyohama kutoka bandarini ikaingia katika mazungumzo ya watu ambao hawajawahi kupanda hata mtumbwi.

Kitabu kile kilikuwa siri ya wanachama, na wanachama walikuwa watu wa bima. Wenye meli hawakupendezwa. Mwishoni mwa miaka ya 1790, watunga kitabu walipobadili vigezo na kuzipendelea meli zilizoundwa mto Thames, wenye meli walisusa na mwaka 1799 wakatoa kitabu chao wenyewe. Cha bima kilijulikana kama kitabu cha kijani, cha wenye meli kitabu chekundu. Kwa zaidi ya miaka 30 meli moja iliweza kuwa nzima katika rangi moja na mbovu katika nyingine, na msomaji mwenye busara alipaswa kununua vyote viwili. Bahati nzuri vyote viwili vilikuwa vinafilisika. Mwaka 1834 viliunganishwa, na kamati mpya ikawaweka mezani wenye bima, wenye meli na wafanyabiashara pamoja. Huko Antwerp, miaka 6 kabla yake, kulikuwa kumeshazaliwa Bureau Veritas kwa kazi hiyohiyo.

Baharia alikuwa bado hana kiti katika meza hizo.

Aliyempigania alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe, Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby. Alichofanya ni kuzichukua takwimu za ajali za meli, ambazo serikali ilizikusanya kila mwaka na kuziweka kabatini, akazisoma kwa jicho la mjane. Aliona kwamba meli kuukuu zilizojazwa kupita kiasi na kukatiwa bima nono zilimpa mwenye mali faida hata zikizama, na pengine zaidi zikizama. Mabaharia waliziita majeneza. Kitabu chake cha 1873 kiliwasha moto, na mwaka 1875 alipandwa na hasira bungeni hata akawaita wenzake waovu. Mwaka uliofuata sheria ikapita: kila meli iwe na alama ubavuni kuonyesha mwisho wa kupakia. Kwa kuwa sheria ilimwachia mwenye meli achague pa kuichora, inasimuliwa kwamba nahodha mmoja aliichora kwenye bomba la moshi. Mwanya huo ulizibwa 1890.

Ukipanda feri ya Likoni, Mombasa, na ikawa meli kubwa inapita kuingia Kilindini, tazama ubavuni katikati. Utaona duara lililokatwa na mstari, na pembeni yake kitu kama ngazi chenye herufi. S ni majira ya joto, W majira ya baridi, na T ni tropiki, yaani bahari zetu, ambako hali ya hewa inaruhusu chombo kizame zaidi kidogo. Herufi mbili zilizokaa kulia na kushoto kwa duara ni za chama kilichoipima: LR kwa Lloyd's Register, yaani chama cha kitabu kile, BV kwa Bureau Veritas, NK kwa Wajapani. Mkahawa wa Lombard bado umechorwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa chuma, na abiria wa Likoni wanaupita kila asubuhi wakikimbilia kazini.

Safu inayodanganya kuliko zote katika vitabu vya leo ni ya bendera. Ever Given ilikuwa mali ya kampuni ya Japani. Aliyeikodi na kuiendesha kibiashara alikuwa Evergreen ya Taiwan. Usimamizi wake ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Ujerumani, mabaharia wake wote walikuwa Wahindi, na aliyeizuia akidai fidia alikuwa Misri. Bendera iliyopepea tezi ilikuwa ya Panama. Katika jedwali la meli kwa nchi, tani zote zile zimeandikwa Panama.

Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall, nchi tatu ambazo hata zikiunganishwa hazifikishi idadi ya watu wa Nairobi na Dar es Salaam, zina karibu nusu ya uwezo wote wa kubeba shehena baharini. Daftari la Liberia lilianzishwa 1948 kwa juhudi za Edward Stettinius, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na ofisi yake kuu iko jimbo la Virginia, Marekani. Vita vilipoichana Monrovia katika miaka ya 1990, bendera ya Liberia iliendelea kupepea kwa amani katika bandari zote za dunia. Ndiyo maana mapitio ya Umoja wa Mataifa huweka majedwali mawili: moja la bendera, jingine la wenye mali halisi. Katika la pili Ugiriki, China na Japani ndizo zinazopanda juu, na Liberia inatoweka kabisa. Msomaji anayesoma jedwali moja tu ni kama aliyesoma kitabu kimoja cha rangi zile mbili.

Afrika Mashariki nayo imo katika hadithi hii, na si kwa sifa. Zanzibar ilifungua daftari la kimataifa la kusajili meli za kigeni chini ya bendera ya Tanzania, na kazi ya kuzisajili ikafanywa kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Mwaka 2012 ikabainika kwamba meli za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo vya Marekani na Ulaya, zilikuwa zimebadilishwa majina na kutwekwa bendera hiyo. Mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, akamwandikia Rais Jakaya Kikwete, na serikali ikafuta usajili wa meli 36. Katika kitabu cha mwaka, usajili ule ungesomeka kama ukuaji wa ajabu wa taifa la mabaharia. Miaka michache baadaye yakajirudia: mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018 meli mbili zenye bendera ya Tanzania zilikamatwa, Kaluba ikiwa na dawa za kulevya karibu na Jamhuri ya Dominika, na Andromeda ikiwa na vifaa vya milipuko katika maji ya Ugiriki, ikielekea Libya. Rais John Magufuli akaamuru usajili wa meli za kigeni usimame.

Meli hubadili jina na bendera, lakini kuna kitu kimoja haibadili. Ni namba ya tarakimu saba inayoitwa namba ya IMO, yaani ya Shirika la Kimataifa la Bahari, iliyotokana na namba za Lloyd's Register na kuwa ya lazima kwa meli kubwa tangu 1996. Chombo hupewa namba hiyo kikiundwa na hufa nayo pale kinapokatwa vipande katika fukwe za Alang au Chattogram. Zile meli za 2012 zilikuja na majina mapya na namba zilezile. Namba yenyewe ina ujanja wake: zidisha tarakimu ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, kisha 5, 4, 3 na 2, ujumlishe, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe sawa na tarakimu ya saba. Ever Given ni 9811000. Mara 7 tisa ni 63, mara 6 nane ni 48, mara 5 moja ni 5, mara 4 moja ni 4, na sifuri mbili hazina neno. Jumla ni 120. Sifuri ya mwisho imekutana na sifuri.

Mapitio ya Umoja wa Mataifa niliyoyataja yana asili tofauti na kitabu cha London. UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa cha biashara na maendeleo kinachoyatoa, iliundwa 1964, enzi ambazo nchi zilizotoka kupata uhuru zilikuwa zikigundua kwamba kahawa na katani ni zao lakini nauli ya kuzisafirisha inapangwa na umoja wa makampuni ya meli ya Ulaya yaliyokubaliana bei faraghani. Ili kubishana unahitaji tarakimu, na tarakimu zote zilikuwa mikononi mwa upande wa pili. Mapitio ya kila mwaka yakaanza 1968. Ubishi ule ulizaa kanuni ya 1974 iliyotaka mizigo igawanywe asilimia 40 kwa meli za nchi inayouza, 40 kwa inayonunua na 20 kwa wengine. Haikudumu, kontena lililivuruga soko lote. Mapitio yalidumu. Yanaonyesha kwamba shehena iliyovuka bahari ilikuwa takriban tani bilioni 2.6 mwaka 1970 na bilioni 12.3 mwaka 2023, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za biashara ya kimataifa, kwa ujazo, husafiri kwa maji. Lakini tazama chini ya majedwali yake ya meli: sehemu kubwa ya takwimu hutoka kwa makampuni binafsi ya utafiti yanayouza data kwa bei ambayo gazeti la kwetu haliwezi kuimudu. Kitabu kimerudi kuwa cha wanachama.

Hata tarakimu iliyo sahihi inaweza kukupoteza. Baada ya Wahuthi wa Yemen kuanza kuzishambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, meli nyingi ziliacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, maelfu ya maili zaidi. Mwaka 2024 tani zilizobebwa ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi, ilhali tani zilizozidishwa kwa maili ziliongezeka kwa karibu 6. Kwa mwenye meli, 6 ile ni mavuno. Kwa mwenye duka anayengoja kontena lake, ni wiki mbili za ziada na nauli ya juu. Mfereji ulipofungwa kuanzia 1967 hadi 1975 ilikuwa vivyo hivyo.

Na makontena nayo? Mwaka 2024 Mombasa ilivuka milioni 2 kwa hesabu ya makontena ya futi 20, na tukafurahi, na ilistahili. Shanghai mwaka huohuo ilipita milioni 50. Ila kumbuka hesabu hii hailiulizi kontena lina nini. Sehemu kubwa ya makontena yanayopakiwa Kilindini huondoka matupu, kwa sababu tunanunua zaidi ya tunavyouza, na tupu huhesabiwa sawa na lililojaa televisheni. Kontena linaloshushwa bandari moja ili lipandishwe meli nyingine huhesabiwa mara mbili, likishuka na likipanda. Singapore imejenga sehemu kubwa ya hesabu yake juu ya mashusho na mapandisho hayo.

Vitabu hivi vya takwimu za meli huanzia, kwa kawaida, kwenye vyombo vya kipimo cha nafasi cha 100 kwenda juu. Hata chombo kilichozidi kipimo hicho huingia kwa chuma chake tu. Feri ya Spice Islander I iliundwa Ugiriki mwaka 1967. Hilo mtu wa London angeweza kulisoma. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ilipozama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, orodha ya abiria haikuweza kumwambia mtu yeyote ni wangapi waliopanda. Maiti zilizopatikana awali zilikuwa 203. Ripoti ya tume, miezi minne baadaye, iliwataja waliokufa na waliopotea kuwa 1,573. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni kijiji kizima.

Chini ya kipimo cha 100 ni jahazi, mashua, dau na ngalawa. Vyombo hivi ndivyo vilivyoibeba biashara ya pwani hii kwa kaskazi na kusi tangu kabla Lloyd hajachemsha kikombe cha kwanza, na bado vinapeleka saruji, unga na chumvi visiwani. Katika tani bilioni 12 za mwaka 2023, utavitafuta usivione. Hata hivyo mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Bahari lilifungua mlango kidogo: vyombo vya uvuvi, hata vya mbao, hata vilivyo chini ya kipimo cha 100, viruhusiwe kuomba namba ya IMO, ilimradi viwe na injini ya ndani, urefu wa mita 12 au zaidi, na kibali cha kuvua nje ya maji ya nchi yao. Walioitaka safu hiyo walikuwa wanapambana na uvuvi haramu katika bahari kuu. Kwa hiyo mashua ya kuvulia jodari leo inaweza kupewa tarakimu saba na kuingia katika ukoo mmoja na Ever Given. Jahazi lililofungwa ubavuni mwake, lenye urefu uleule na mbao za fundi yuleyule, lakini lililopakia saruji, halina namba.